Majani Chini ya Minazi: Majimoto, Palizi na Historia ya Ulinzi wa Mashamba ya Zanzibar

1.0 Utangulizi

Historia ya kilimo cha Zanzibar imeandikwa zaidi kama historia ya mazao mawili, karafuu na nazi, na ya watu walioshindana juu ya ardhi na nguvukazi ya kuyazalisha. Mimea mingine iliyoishi katika mashamba hayohayo hutajwa kwa nadra. Miti ya matunda iliyochanganyika na minazi, mihogo iliyopandwa kivulini na majani yaliyoota yenyewe huonekana kuwa mambo ya pembeni, na majani hasa hutajwa kama kero inayosubiri jembe. Insha hii inaifanya mimea hiyo kuwa kiini cha uchunguzi. Inaeleza jinsi ilivyohusika katika kumvutia na kumhifadhi sisimizi wa mitini anayeitwa majimoto, ambaye huilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa, na jinsi uhusiano huo ulivyotambuliwa na watafiti hatua kwa hatua.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ulinzi wa minazi ulitegemea mpangilio wa mimea shambani, na kwamba mpangilio huo ulitokana na historia ya umiliki na kazi kabla ya kuwa suala la elimu ya wadudu. Nani alikuwa na haki ya kupanda mti, nani alitakiwa kupalilia, na kwa malipo gani, ni maswali yaliyoamua pia ni mdudu gani atatawala shamba. Kwa sababu hiyo, maelezo ya zamani yaliyolihesabu shamba lenye majani kuwa ushahidi wa uvivu wa watu yanapaswa kusomwa upya.

Uchunguzi unaanza na kipindi cha Sayyid Said katika karne ya 19 na kuishia mwaka 2011, ulipochapishwa utafiti uliothibitisha nafasi ya mimea ya chini katika ushindani wa sisimizi. Mkazo ni Unguja na Pemba. Pwani ya Tanzania Bara inaingizwa pale ambapo utafiti uleule ulihamia huko. Maandishi ya wataalamu wa wadudu yanasomwa sambamba na yale ya wanahistoria wa kazi na ardhi, makundi mawili ambayo kwa kawaida hayazungumzi.

2.0 Viumbe Watatu na Mimea Yao

Ni vema kuanza na maelezo ya viumbe wenyewe, kwa kuwa historia inayofuata haieleweki bila hayo. Wa kwanza ni majimoto, ambaye jina lake la kisayansi ni Oecophylla longinoda. Ni sisimizi wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, anayeishi juu ya miti. Hachimbi ardhi. Hujenga viota kwa majani mabichi ambayo hayajatengana na mti: wafanyakazi hushikana kwa mnyororo, huvuta kingo za majani mpaka zikutane, kisha wenzao huwabeba mabuu wanaotoa nyuzi na kuwapitisha huku na huku hadi majani yashonwe pamoja. Koloni moja lina malkia mmoja, lakini lina viota vingi vilivyotawanyika katika miti kadhaa, na idadi ya wafanyakazi wake inaweza kufikia mamia ya maelfu. Jina lake la Kiswahili linatokana na maumivu ya kuuma kwake, yanayochoma kama maji ya moto.

Wa pili ni mdudu mharibifu, anayeitwa hapa kunguni wa minazi. Hufyonza utomvu wa maua ya kike na wa nazi zikiwa bado ni vidaka na vitale. Mate anayoingiza wakati wa kufyonza huua tishu za tunda, na vidaka vingi hupukutika. Vile vinavyosalimika hukua na makovu na mara nyingi hutoa utomvu unaoganda kama gundi. Jambo linalomfanya mdudu huyu kuwa mgumu kugundulika ni kwamba idadi ndogo tu inatosha kuleta hasara kubwa. Mkulima huona vidaka vimejaa chini ya mnazi, lakini akitazama juu haoni kundi la wadudu. Hivyo ni rahisi kulaumu ukame, udongo au uzee wa mnazi.

Wa tatu ni sisimizi mdogo anayeishi ardhini, Pheidole megacephala, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Insha hii itamwita sisimizi wa ardhini. Hana madhara makubwa ya moja kwa moja kwa nazi, lakini ni adui wa majimoto. Anapoweka makazi kwenye shina la mnazi, humshambulia majimoto yeyote anayeshuka au anayejaribu kupanda, na kwa wingi wake hulizuia koloni zima lisiufikie mti huo. Naye hamdhibiti kunguni kwa kiwango cha kuuokoa mnazi. Kwa hiyo, mnazi unaotawaliwa na sisimizi wa ardhini ni mnazi usio na mlinzi.

Mimea inaingia katika uhusiano huu kwa njia mbili. Kwanza, majimoto huhitaji miti yenye majani mapana na laini yanayoshoneka kwa urahisi, yenye kijani mwaka mzima, na yenye vidugamba wanaotoa utomvu mtamu anaoutegemea kwa chakula. Mkarafuu, mchungwa na mwembe hutimiza masharti hayo vizuri. Mnazi nao hukaliwa, lakini majani yake magumu na membamba si makazi rahisi. Palipo na miti mingine inayogusana na minazi, majimoto hupata ngome ya kudumu na daraja la kupita bila kugusa ardhi. Pili, mimea ya chini huamua sisimizi wa ardhini ataishi wapi. Ardhi ikiwa imefunikwa na majani, hupata makazi na chakula papo hapo. Ardhi ikiachwa tupu na kuchomwa na jua, mahali pazuri panapobaki ni kwenye shina la mnazi na mizizi yake, na kutoka hapo huelekea juu.

3.0 Shamba Kama Zao la Historia

Mashamba ambayo watafiti wa karne ya 20 waliyakuta Zanzibar hayakupangwa kwa ajili ya sisimizi yeyote. Yalikuwa na sura iliyotokana na matukio ya karne moja iliyotangulia. Minazi ilikuwepo pwani tangu zamani, lakini upandaji mkubwa wa mikarafuu ulishamiri katika utawala wa Sayyid Said, aliyehamishia makao yake Zanzibar na kuwahimiza wenye ardhi kupanda zao hilo. Ardhi ilisafishwa kwa nguvu za watumwa, na palizi ikawa kazi yao ya mwaka mzima.

Aprili 1872 kimbunga kilipiga na kuangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo visiwa hivi viwili vilifuata njia tofauti. Pemba ikawa kitovu cha karafuu, na Unguja minazi ikachukua nafasi katika maeneo mengi yaliyopoteza mikarafuu. Hata hivyo badiliko hilo halikuwa la kufuta na kuandika upya. Mikarafuu iliyobaki, ile iliyopandwa tena, miembe na michungwa ya kando ya nyumba na minazi mipya viliishi pamoja, na shamba la Unguja likawa la mchanganyiko.

Badiliko la pili lilikuwa la kazi. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wenye mashamba walipoteza uwezo wa kuwalazimisha watu kupalilia. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu kipindi cha mpito kutoka utumwa, ameonesha kwamba palizi ndiyo iliyokuwa kiini cha mvutano uliofuata. Watu wengi waliokuwa watumwa, na wengine waliotoka maeneo ya Waswahili wenyeji au bara, walikaa mashambani kwa makubaliano: walipewa ruhusa ya kujenga na kulima mihogo, kunde na mazao mengine ya muda chini ya miti, na kwa upande wao walitarajiwa kupunguza majani yanayozunguka miti hiyo. Uchumaji wa karafuu ulilipiwa fedha. Palizi ililipiwa kwa haki ya kukaa na kulima.

Makubaliano hayo yalikuwa na mpaka mmoja ulio muhimu kwa hoja yetu. Kwa desturi ya pwani, mti wa kudumu huweza kumilikiwa mbali na ardhi uliposimama, na aliyeupanda ana dai juu yake. Ndiyo maana wenye mashamba waliwazuia wakaazi kupanda miti ya kudumu, kwa kuogopa kwamba mti ungezaa madai ya ardhi. Hivyo tabaka mbili za mimea zilikuwa chini ya mikono miwili. Tabaka ya juu, yaani minazi, mikarafuu, michungwa na miembe, ilikuwa uamuzi wa mwenye shamba. Tabaka ya chini, yaani mihogo, kunde na majani, ilikuwa ya mkaazi na jembe lake. Zote mbili, kama tulivyoona, ndizo zilizoamua mahali pa majimoto, lakini hakuna upande uliozisimamia kwa pamoja.

Palizi basi ilifanyika kwa kadiri mkaazi alivyoona inamfaa. Alisafisha mahali alipopanda chakula chake na kuacha kwingine. Wenye mashamba na maofisa wa serikali ya kikoloni walilalamika mara kwa mara kwamba mashamba yamemezwa na majani, na malalamiko hayo yakawa sehemu ya lugha ya kawaida ya kuwahukumu wakulima wa visiwani kuwa hawapendi kazi. Shamba lililopendeza machoni pa msimamizi lilikuwa lile lenye safu zilizonyooka na ardhi iliyofagiliwa. Kipimo hicho kilikuwa cha nidhamu ya kazi, na hakikuwahi kuulizwa nini kinatokea kwenye makuti ya juu ardhi inapofagiliwa.

4.0 Mtafiti Atazama Juu, Kisha Chini

Swali hilo liliulizwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 1950, Michael J. Way alipofanya utafiti Zanzibar. Mwaka 1953 alichapisha makala kuhusu mahusiano ya aina kadhaa za sisimizi na nafasi yao katika kumdhibiti kunguni wa minazi. Mwaka uliofuata alitoa makala mbili zaidi, moja juu ya maisha na mazingira ya majimoto, nyingine juu ya uhusiano wa majimoto na kidugamba wa mikarafuu, Saissetia zanzibarensis. Wakati huo kunguni mwenyewe alikuwa hajapewa jina kamili la kisayansi. Alipoainishwa mwaka 1955 aliitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtafiti huyo.

Majina haya mawili yanastahili kuzingatiwa na mwanahistoria. Mharibifu amebeba jina la mtafiti aliyemtambulisha kwa ulimwengu wa sayansi. Mlinzi amebeba jina alilopewa na watu waliopanda miti na kuumwa naye. Kiswahili kilikuwa tayari kimemtofautisha majimoto na siafu, mchwa na sisimizi wengine. Hata hivyo jina lake limehifadhi jeraha tu, halikuhifadhi huduma. Hali hii haishangazi tukimfikiria mkwezi anayepanda mnazi mrefu mikono ikiwa imeshughulika, au mchumaji aliye katikati ya matawi ya mkarafuu. Kwake kiota cha majimoto ni hatari ya papo hapo. Faida yake, ambayo ni vidaka visivyoanguka miezi kadhaa baadaye, haionekani, na mara nyingi nazi hizo hazikuwa mali yake.

Mahali pengine historia ilikwenda tofauti. Maandishi ya Kichina yanayohusishwa na Ji Han, ya mwaka 304, yanaeleza kwamba katika eneo la Jiaozhi watu waliuza sokoni viota vya ndugu wa karibu wa majimoto vikiwa kwenye mifuko, ili vitundikwe katika michungwa na kuzuia wadudu wasiharibu matunda. Huko mwenye mti, mwenye faida na mwenye uamuzi wa kuleta sisimizi alikuwa mtu mmoja. Zanzibar nafasi hizo ziligawanyika kati ya mwenye shamba, mkaazi na mkwezi. Tofauti ya ujuzi kati ya sehemu hizi mbili inaelezeka vizuri zaidi kwa mgawanyo wa maslahi kuliko kwa kudhani kuwa wakulima wa sehemu moja walikuwa na macho makali kuliko wa nyingine.

Mchango mkubwa wa Way ulikuwa kuonesha kwamba majimoto peke yake si jibu. Palipo na majimoto, nazi zilisalimika. Lakini uwepo wao ulitegemea sisimizi wengine waliowafukuza, na sisimizi hao nao walitegemea hali ya ardhi na mimea. Kazi hiyo iliendelezwa na Vanderplank, aliyechapisha mwaka 1960 uchunguzi wake kuhusu majimoto na kunguni wa minazi. Katika kipindi hichohicho dunia ilikuwa imeshikwa na matumaini makubwa juu ya DDT na viuatilifu vingine vya kutengenezwa viwandani. Kwa mazingira hayo, fikra kwamba shamba linaweza kulindwa kwa kuchagua miti ya kuchanganya na kuacha sehemu ya majani ilikuwa dhidi ya mkondo. Haikukanushwa. Ilibaki katika majarida ya kitaaluma, bila kuwa msingi wa mafunzo ya wakulima.

5.0 Kutoka Chambo hadi Majani

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa ya Zanzibar yalitaifishwa, na familia nyingi ziligawiwa viwanja vya eka tatu. Mgawanyo huo ulibadilisha tena mikono inayoshika tabaka mbili za mimea. Mkulima wa eka tatu alikuwa na usemi juu ya miti na juu ya ardhi iliyo chini yake kwa wakati mmoja, jambo ambalo mkaazi wa zamani hakuwa nalo. Lakini ulileta pia ugumu mpya. Koloni la majimoto hutandaa juu ya miti mingi na halijui mpaka wa kiwanja. Mkulima anayewatunza anahitaji jirani asiyewachoma moto.

Utafiti wenyewe ulifufuka kwa nguvu kuanzia miaka ya 1980, chini ya programu ya taifa ya kuendeleza minazi ya Tanzania iliyokuwa na makao ya utafiti Mikocheni, Dar es Salaam. Upungufu wa nazi ulikuwa tatizo la jikoni na la uchumi, na kunguni wa minazi alirudi kuwa mada. Mwelekeo wa kwanza ulikuwa kumwondoa adui wa majimoto. Chambo chenye sumu ya haidrametilinoni kilijaribiwa dhidi ya sisimizi wa ardhini, na taarifa zake zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mantiki yake ilikuwa wazi: sisimizi wa ardhini hubeba chambo hadi kiotani, koloni hudhoofika, na majimoto hupata nafasi ya kuurudia mnazi. Kasoro yake nayo ilikuwa wazi. Chambo hununuliwa, na sisimizi wa ardhini wanaozunguka eneo lililotibiwa hurudi, kwa sababu kilichowafanya wapende mashina ya minazi hakijabadilika.

Utafiti wa miaka hiyo ulionesha pia kwamba majimoto si mlinzi pekee. Mwaka 1992 Löhr alieleza manufaa ya sisimizi mwingine, Anoplolepis custodiens, kwa uzalishaji wa nazi Tanzania. Sisimizi huyu hukaa ardhini na hupendelea udongo wa kichanga ulio wazi. Matokeo hayo yanaonya dhidi ya kanuni moja kwa kila mahali. Katika shamba la kichanga lenye majani machache, ulinzi unaweza kutoka chini. Katika shamba la mchanganyiko lenye kivuli, hutoka juu. Jambo la pamoja ni kwamba katika hali zote mbili mimea na udongo ndivyo vinavyoamua nani atakuwa mlinzi.

Katika muongo huohuo macho yalirudi Zanzibar. Rapp na Salum walichapisha mwaka 1995 utafiti uliolinganisha wingi wa magugu, aina za sisimizi, uharibifu na mavuno katika maeneo ya minazi ya visiwani. Kichwa chenyewe cha utafiti huo kinaashiria badiliko la fikra: magugu yaliingizwa katika hesabu kama kigezo kinachopimwa, sambamba na mavuno. Hatua hiyo ilikamilishwa mwaka 2011, Zuberi Seguni, Michael Way na Paul Van Mele walipochapisha kwa pamoja utafiti kuhusu usimamizi wa mimea ya ardhini na ushindani kati ya majimoto na sisimizi wa ardhini. Ulithibitisha kwamba kuacha mimea ya chini iote humnufaisha majimoto, na kwamba kuiondoa humpa nafasi mpinzani wake. Kati ya makala ya kwanza ya Way na hii ya mwisho ilipita miaka 58.

6.0 Mjadala: Gugu ni Nini?

Kwa kawaida gugu hufasiriwa kuwa mmea ulioota mahali usipotakiwa. Fasili hiyo inaficha swali la nani asiyeutaka. Katika mashamba ya Zanzibar ya mwanzo wa karne ya 20, asiyeutaka alikuwa mwenye shamba na ofisa, na aliyetakiwa kuuondoa alikuwa mkaazi. Wingi wa majani ulipimwa kama kiasi cha kazi ambayo haikufanyika. Kwa mtazamo wa elimu ya wadudu, majani hayohayo yalikuwa sehemu ya ulinzi wa zao. Neno moja lilibeba deni la kazi upande mmoja na huduma isiyolipwa upande wa pili.

Hata hivyo ni lazima kujihadhari na hitimisho la haraka. Haifuati kwamba wakaazi waliacha majani kwa kujua kwamba yanamsaidia majimoto. Waliyaacha kwa sababu kazi yao ilikuwa na thamani zaidi mahali pengine: kwenye mihogo yao, uvuvi au vibarua vya kulipwa. Kuwapa leo ujuzi wa siri ambao ushahidi hauonyeshi ni kuwanyang'anya sababu zao halisi, ambazo zilikuwa za busara. Kinachoweza kusemwa kwa uthabiti ni kwamba uamuzi wao ulikuwa na matokeo ya kiikolojia ambayo waliowalaumu hawakuyaona, na kwamba lawama ile haikuwa na msingi wa kilimo ambao ilidai kuwa nao.

Wala haifuati kwamba kila jani linafaa kuachwa. Mnazi mchanga unahitaji duara safi kulizunguka shina, kwa kuwa majani hushindana nao kwa maji na rutuba. Nazi iliyoanguka katika kichaka hupotea. Magogo ya minazi iliyokufa yakiachwa yaoze huwa mazalio ya mbawakawa mwenye pembe, Oryctes monoceros, anayetoboa kilele cha mnazi. Usimamizi unaofaa basi hutofautisha: safisha penye mche, ondoa magogo, fyeka majani yasizidi kimo kinachozuia kazi, lakini usiiache ardhi tupu, na panda michungwa, miembe au mikarafuu mahali matawi yatakapokutana na makuti. Hii ni palizi inayochagua, na inahitaji uamuzi zaidi kuliko palizi ya kufagia, ingawa haidai nguvu zaidi.

Suala la maumivu nalo halipaswi kupuuzwa kama kikwazo cha mawazo. Mkwezi anayeumwa analipa gharama ya mwili kwa faida ya mwenye mnazi. Mpango wowote wa kutunza majimoto unaomwacha mkwezi nje ya mgawanyo wa faida unarudia mgawanyiko uleule wa karne iliyopita, na una hatari ya kushindwa kwa njia ileile. Mkwezi ndiye anayekifikia kiota, na mwenge mmoja unatosha kukimaliza.

7.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia uhusiano wa mimea, sisimizi na nazi katika mashamba ya Zanzibar tangu karne ya 19 hadi 2011. Imeonesha kwamba shamba la mchanganyiko lililompokea majimoto lilitokana na kimbunga, kufutwa kwa utumwa, desturi ya umiliki wa miti na mvutano wa palizi. Imeonesha pia kwamba utafiti ulihitaji zaidi ya nusu karne kuteremsha macho kutoka kwa kunguni aliye juu ya mnazi, kupitia kwa majimoto na mpinzani wake, hadi kwa majani yaliyo ardhini.

Kuna mambo mawili yanayofuata. La kwanza linawahusu wanahistoria. Taarifa za kikoloni zinazoeleza hali ya mashamba hazipaswi kuchukuliwa kama vipimo vya afya ya shamba. Sentensi inayosema kwamba shamba limejaa majani inatueleza matarajio ya mwandishi kuhusu kazi ya watu wengine, na ni kwa maana hiyo inapaswa kutumiwa kama ushahidi. La pili linawahusu wanaopanga mafunzo ya kilimo visiwani na pwani. Mkulima mdogo ambaye hana fedha za chambo wala dawa anaweza kuulinda mnazi wake kwa mimea aliyonayo, lakini majirani zake na wakwezi wao wanapaswa kuwa ndani ya makubaliano hayo, kwa kuwa koloni la majimoto huvuka mipaka ya viwanja vyao wote. Ushauri unaomwambia asafishe ardhi yote, kwa jina la kilimo bora, unaendeleza kipimo cha msimamizi wa zamani na kumwondolea mlinzi asiyemgharimu chochote isipokuwa kuumwa mara kwa mara.